Jina Lilelile, Mapishi Mengine: Tathmini ya Chapa Kubwa za Vyakula kwa Jinsi Zilivyobadilika

Tathmini nyingi za vyakula vya kufungashwa na vyakula vya haraka huandikwa kana kwamba bidhaa ni kitu kilichokamilika siku kilipozinduliwa na kitabaki hivyo daima. Mwandishi huonja, husifu au hulaumu, kisha humwachia msomaji hukumu ambayo huenda ikapitwa na wakati kabla ya mwaka kwisha. Kinachodumu katika biashara hii ni jina, rangi ya pakiti na herufi za nembo. Kilichomo ndani hubadilika kila kampuni inapopata mmiliki mpya, kila zao fulani linapopanda bei, na kila serikali inapotunga kanuni nyingine. Kwa sababu hiyo nimeamua kuzitathmini chapa kadhaa kubwa si kwa ladha ya leo peke yake, bali kwa safari yake yote: nani alibadilisha nini, alisukumwa na jambo gani, na mlaji aliambiwa au alifichwa. Kipimo hicho cha mwisho ndicho ninachokipa uzito zaidi, kwa kuwa kubadilisha mapishi si kosa. Kosa ni kuyabadilisha huku pakiti ikiendelea kusema yaleyale.

Nianze na chipsi za McDonald's, bidhaa iliyobadilishwa mara nyingi mno huku wateja wake wakiamini kuwa ni ileile waliyoizoea utotoni. Hapo awali zilikatwa kutoka kwenye viazi vibichi ndani ya mgahawa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ilianza kununua viazi vilivyokwisha kukatwa na kugandishwa kutoka kwa J. R. Simplot, mfanyabiashara wa viazi wa Idaho, na kazi ya kumenya ikahama jikoni ikaenda kiwandani. Ladha haikupotea, kwa kuwa sehemu kubwa ya ladha ile ilitoka kwenye mafuta: takribani asilimia 93 yalikuwa shahamu ya ng'ombe na asilimia 7 mafuta ya mbegu za pamba. Kisha akatokea Phil Sokolof, mfanyabiashara wa Omaha aliyenusurika na mshtuko wa moyo, ambaye alitumia fedha zake mwenyewe kulipia matangazo ya magazeti yaliyozishambulia kampuni za vyakula kwa kumlisha Mmarekani mafuta mazito ya wanyama. Mwaka 1990 McDonald's ilisalimu amri, ikahamia mafuta ya mimea, na habari hiyo ikatangazwa kwa vishindo.

Hapa ndipo hukumu inapokuwa ngumu. Mafuta ya mimea yaliyotumika yalikuwa yamechanganywa na haidrojeni kwa kiasi fulani ili yastahimili moto wa kikaango na yasiharibike upesi, na mchakato huo ndio unaozalisha mafuta ya transi, ambayo baadaye yalikuja kujulikana kuwa ni mabaya kwa moyo kuliko hata ile shahamu iliyofukuzwa. Ilifika mwaka 2008 ndipo migahawa ya kampuni hiyo nchini Marekani ikaachana nayo katika kukaanga. Kwa maneno mengine, dawa ilikuwa kali kuliko ugonjwa, ingawa aliyeiandika aliiandika kwa nia njema na kwa elimu ya wakati wake. Siwezi kuilaumu kampuni kwa hilo.

Ninailaumu kwa jambo jingine. Ili chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya mimea ziendelee kunukia kama zamani, kionjo kinachotokana na nyama ya ng'ombe kiliongezwa kwenye viazi kiwandani, na katika orodha ya viambato kikaandikwa tu kuwa ni kionjo cha asili. Wahindu na watu wengine wasiokula nyama, ambao baada ya tangazo la mwaka 1990 walikuwa wamejiona huru kuzila, waligundua miaka mingi baadaye kwamba ng'ombe hakuwa ameondoka kabisa. Mwaka 2002 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 10 kwa mashirika ya Wahindu, ya watu wasiokula nyama na mengineyo ili kumaliza kesi. Badiliko la kwanza lilikuwa na sauti na la pili lilikuwa kimya, na yote mawili yalikuwa ndani ya pakiti moja ya karatasi. Kwa upande wa ulaji, chipsi hizo bado ni nzuri zikiwa zimetoka jikoni sasa hivi na ni duni baada ya muda mfupi tu, jambo ambalo ni kweli kwa chipsi zote nyembamba. Kwa upande wa uwazi, alama ninazozipa ni za chini.

Biskuti ya Oreo inafanana na kisa hicho, ila yenyewe ilitoka salama. Tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1912, krimu yake nyeupe ilitengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, na hali hiyo iliendelea hadi miaka ya 1990, yalipowekwa mafuta ya mimea yenye haidrojeni. Mwaka 2003 mwanasheria mmoja wa California aliifungulia kampuni kesi kuhusu mafuta ya transi, kisha akaiondoa baada ya siku chache kwa maelezo kwamba habari aliyotaka watu waisikie imekwisha kusikika. Ndani ya miaka michache tu mafuta yale yakawa yameondolewa. Badiliko la kutoka kwenye mafuta ya nguruwe liliwafungulia mlango walaji ambao dini zao haziwaruhusu kuyagusa, na la pili liliwapunguzia wote madhara. Ladha, nakiri, imebaki kuwa sukari na kakao iliyokolea kwa magadi, na ndiyo sababu imeweza kuvumilia mabadiliko yote hayo: krimu ambayo kazi yake kuu ni kubeba sukari haijali sana ni mafuta gani yanayoibeba.

Ni haki kusema kwamba mabadiliko mengi mazuri ya aina hii hayakutoka kwenye huruma ya kampuni. Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kuweka kikomo cha kisheria kwa mafuta ya transi, mwaka 2003. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba mafuta yaliyochanganywa na haidrojeni kwa kiasi hayahesabiki tena kuwa salama, ikawapa watengenezaji hadi Juni 2018. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mafuta hayo yalihusika na vifo hadi 500,000 kwa mwaka kutokana na maradhi ya moyo. Chapa zilizojinadi kwenye pakiti kwamba hazina gramu hata moja ya mafuta ya transi zilikuwa, mara nyingi, zinajisifu kwa kutii amri iliyokuwa njiani.

Nikija kwenye Coca-Cola, kisa cha mwaka 1985 kinajulikana na wengi, lakini nusu yake ya maana zaidi huachwa. Tarehe 23 Aprili mwaka huo kampuni ilitangaza mapishi mapya, matamu zaidi, baada ya kuwaonjesha watu karibu 200,000 na kuona kwamba wengi waliyapenda. Wateja walikasirika, simu na barua zikamiminika, na tarehe 11 Julai, siku 79 baadaye, kinywaji cha zamani kikarudishwa. Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa. Nusu nyingine ni kwamba kufikia mwishoni mwa mwaka 1984 viwanda vya Coca-Cola nchini Marekani vilikuwa vimeruhusiwa kuacha sukari ya kawaida kabisa na kutumia shira ya mahindi, kwa kuwa mahindi yalikuwa rahisi ilhali mgawo wa serikali wa kuagiza sukari kutoka nje uliifanya sukari iwe ghali. Badiliko hilo la kiambato kikuu baada ya maji halikuleta maandamano yoyote ya kukumbukwa. Kwa hiyo kinywaji cha zamani kilichorudishwa kwa shangwe katika makopo ya Marekani hakikuwa kile cha miaka ya 1970, na katika nchi nyingi nyingine za dunia kilikuwa, na bado ni, kinywaji cha sukari ya miwa au ya viazisukari.

Funzo ambalo wauzaji walilichukua kutoka kwenye kisa hicho ni baya, na nadhani limeathiri tasnia nzima: ukitangaza utaadhibiwa, ukinyamaza utapita. Hakuna aliyelitumia kwa ustadi kuliko Kraft na makaroni yake ya jibini ya kwenye boksi. Aprili 2015 kampuni ilieleza kwamba itaondoa rangi bandia za manjano na kuweka paprika, bizari ya manjano na rangi ya mbegu za mrangi. Mapishi mapya yakaanza kuingia madukani mwezi Desemba bila matangazo yoyote mbele ya boksi, ingawa viambato vilikuwa vimeandikwa mahali pake. Mwezi Machi 2016, baada ya kuuza zaidi ya maboksi milioni 50, kampuni ikajitokeza kwa mzaha na kusema kwamba watu wamekula na hawakuona tofauti. Lilikuwa jaribio zuri la kuonja bila kujua, na linaonyesha jambo ambalo sisi tunaoandika tathmini tunapaswa kulikumbuka: sehemu ya ladha hutoka kwenye matarajio, na mlaji aliyeambiwa kwamba kitu kimebadilika atakihisi kimebadilika hata kama ulimi wake peke yake usingegundua.

Linganisha na nafaka za Trix za General Mills, zilizofanyiwa jambo hilohilo wakati uleule. Hapo ukimya haukuwezekana, kwa kuwa rangi za asili zilizopatikana zilikuwa hafifu, na bluu na kijani zikaachwa kabisa. Bakuli lilionekana limepauka. Wazazi waliokuwa wakidai viambato vya asili na watoto waliokuwa wakidai rangi hawakuwa wateja wamoja, na mwaka 2017 kampuni ikarudisha toleo lenye rangi bandia. Rangi ina nguvu ya ajabu katika mambo haya; M&M's nyekundu ziliondolewa mwaka 1976 kwa sababu Marekani ilikuwa imepiga marufuku rangi moja nyekundu ambayo peremende hizo hazikuwa hata zikiitumia, na zikarudi mwaka 1987. Kiambato hakikuwa kosa lao. Hofu ya wateja ilitosha.

Ipo chapa moja iliyokataa kanuni ya kunyamaza. Mwishoni mwa mwaka 2009 Domino's ilirusha matangazo yaliyoonyesha wateja wake wakisema kwamba ukoko wa piza yake una ladha ya kadibodi, na viongozi wake wakakubali mbele ya kamera. Unga, mchuzi na jibini vyote vikabadilishwa. Wateja hawakukimbia, bali mauzo yalipanda sana. Unaweza kusema kwamba ilikuwa rahisi kwao, kwa kuwa walichokiacha hakikuwa na wa kukililia, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, naiweka juu katika orodha yangu kwa sababu ndiyo chapa kubwa pekee katika hizi ambayo ilimwambia mteja waziwazi: tulichokuuzia jana kilikuwa kibovu.

Mabadiliko mengine hayatokani na daktari wala bunge, bali na mkataba wa mauzo ya kampuni. Harland Sanders aliiuza KFC, biashara yake ya kuku wa kukaanga, mwaka 1964 kwa dola milioni 2, akabaki kuwa sura yake kwenye ndoo na kwenye matangazo. Mwaka 1971 Heublein ikainunua. Baadaye ikapita mikononi mwa R. J. Reynolds, kisha PepsiCo, kisha kampuni ambayo leo inaitwa Yum!. Sanders hakuridhika na walichofanya wamiliki wapya. Katika miaka ya 1970 aliliambia gazeti moja kwamba mchuzi mzito uliokuwa fahari yake umegeuzwa kuwa kitu kama gundi ya kubandikia karatasi ukutani, akaeleza kwa uchungu jinsi unavyopikwa kwa maji, unga na wanga. Alishtakiwa kwa maneno hayo na akashinda. Sifahamu tathmini kali zaidi ya mgahawa wa vyakula vya haraka kuliko hiyo, iliyotolewa na mtu ambaye uso wake ulikuwa umechapishwa kwenye chombo cha chakula kilekile. Kampuni iliyonunua mapishi haikununua wajibu wa kuyafuata, na mteja aliyeona uso ule alidhani vyote viwili vinakwenda pamoja.

Cadbury ilipochukuliwa na Kraft mwaka 2010, wapenzi wake nchini Uingereza walitabiri kwamba chokoleti itaharibika, na kwa miaka michache utabiri huo ulionekana kuwa uzushi wa kizalendo. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba ganda la Creme Egg, yai lake la chokoleti, halitengenezwi tena kwa Dairy Milk, chokoleti yake maarufu ya maziwa, bali kwa mchanganyiko mwingine wa kakao, na boksi la mayai sita likawa la matano. Kampuni ilijitetea kwamba yai lile halikuwahi kuahidiwa kuwa ni Dairy Milk daima. Kisheria ilikuwa sahihi. Lakini mtu hanunui yai la chokoleti kwa kusoma ahadi. Hununua kwa kumbukumbu ya mara ya mwisho, na kampuni inajua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote.

Toblerone, chokoleti ya vilele vya pembetatu ambayo, kama Cadbury, ni ya Mondelez, kampuni iliyotokana na Kraft, inastahili kutazamwa kwa karibu kwa kuwa badiliko lake liliweza kupimwa kwa rula. Mwaka 2016 kipande cha gramu 400 kilichouzwa Uingereza kikashuka hadi gramu 360, na cha gramu 170 kikawa cha 150. Badala ya kufupisha kipande, jambo ambalo lingelazimu boksi lifupishwe, kampuni ilipanua mabonde kati ya pembetatu na pembetatu. Boksi likabaki na urefu wake. Ukilifungua, uliona vilele vyembamba vilivyoachana, na sakafu tambarare ya chokoleti katikati ambayo haikuwa na kazi yoyote isipokuwa kuviunganisha. Umbo hilo ndilo lililokuwa chapa yenyewe, kwa hiyo wateja waliona mara moja kile ambacho wasingekiona kama gramu hizohizo zingeondolewa kwenye bati la biskuti. Mwaka 2018 umbo la zamani likarudi, likiwa kipande cha gramu 200 badala ya kile cha 150. Miaka mitano baadaye mchoro wa Matterhorn, mlima wa Uswisi, ukaondolewa kwenye pakiti, kwa sababu sehemu ya uzalishaji ilihamia Slovakia na sheria za Uswisi haziruhusu alama za taifa kutumiwa kwa bidhaa isiyotimiza masharti ya asili yake. Naona badiliko hilo la pili, lililopigiwa kelele nyingi, kuwa la haki kabisa: mchoro ulibadilika kwa kuwa ukweli ulibadilika.

Ujanja wa mabonde una ndugu zake wengi kwenye rafu. Chukua pakiti ya biskuti iliyo na trei ya plastiki ndani. Iweke mezani, toa trei, uitazame ikiwa tupu: kuta za kila chumba zimekunjwa kama mawimbi, na mawimbi hayo yanakula nafasi ambayo ingetosha biskuti moja zaidi katika kila safu. Geuza chupa ya mchuzi au kopo la siagi ya karanga uone tumbo la chini lilivyobonyea kuelekea ndani. Mbonyeo kidogo huipa chupa nguvu ya kusimama na ni wa lazima. Mbonyeo unaomeza kidole kizima una kazi nyingine. Uzito halisi umeandikwa, bila shaka, kwa herufi ndogo kadiri kanuni inavyoruhusu, na mnunuzi anayetaka kujua kama amepunjwa inambidi akumbuke namba ya mwaka uliopita, jambo ambalo kampuni inatumaini hatalifanya.

Hata orodha ya viambato husomwa kwa mpangilio. Katika nchi nyingi viambato huandikwa kuanzia kilicho kizito hadi kilicho chepesi, kwa hiyo kitu kikishuka nafasi moja kati ya toleo moja na jingine, huenda hicho ndicho kilichopunguzwa. Tahadhari ni kwamba sukari inaweza kugawanywa kuwa sukari, shira ya glukosi na dekstrozi, na kila moja ikakaa chini ya unga ilhali zikijumlishwa zinaupita. Nutella ilinaswa kwa njia hii mwaka 2017 nchini Ujerumani. Kituo cha walaji cha Hamburg kiliweka lebo mbili kando kwa kando na kuona kwamba unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta ulipanda kutoka asilimia 7.5 hadi 8.7, na sukari kutoka asilimia 55.9 hadi 56.3, rangi nayo ilikuwa imefifia, na kituo kikahisi kwamba kakao imepungua. Ferrero, mtengenezaji wake, iliita jambo hilo marekebisho madogo. Na kweli ni madogo, ukiyatazama peke yake. Ila bidhaa ambayo zaidi ya nusu yake ni sukari haina nafasi ya kuendelea na marekebisho madogo ya aina hiyo kwa muda mrefu kabla haijawa sukari yenye rangi.

Kuna wakati badiliko la kupunguza ni la heri lakini bado linahitaji kutangazwa kwa sauti kubwa, na mfano bora ni Lucozade, kinywaji cha glukosi cha Uingereza. Uingereza ilipanga kuanza kutoza ushuru wa vinywaji vyenye sukari Aprili 2018, kwa kiwango kimoja kwa kinywaji chenye gramu 5 au zaidi kwa kila mililita 100, na kiwango kikubwa zaidi kuanzia gramu 8. Watengenezaji wengi walikata sukari hadi chini kidogo tu ya 5, ishara kwamba mpishi wa kweli alikuwa sheria ya kodi. Irn-Bru, soda ya Scotland, ilishuka Januari 2018 hadi gramu 4.7, na baadhi ya wapenzi wake Scotland wakaweka akiba ya chupa za zamani. Kampuni baadaye ikatoa toleo la mapishi ya mwaka 1901 lenye sukari nyingi kwa waliolikosa. Lucozade ilikuwa imetangulia mwaka 2017. Lakini watu wenye kisukari walikuwa kwa miaka mingi wakiitumia kupandisha sukari ya damu inaposhuka ghafla, kwa kipimo walichokijua kwa kichwa, na kipimo hicho kikawa hakitoshi tena. Mashirika ya wagonjwa yalitoa tahadhari, na kampuni nayo ikawaonya kwenye chupa. Hilo lilifanywa inavyopaswa. Ni kumbukumbu pia kwamba mapishi ya kinywaji cha dukani yanaweza kuwa sehemu ya matibabu ya mtu bila mtengenezaji kuwa amekusudia.

Kipimo changu cha uaminifu katika mambo haya kinatoka mbali zaidi ya vyote hivi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, maziwa yalipoadimika Uingereza, Rowntree's ya York haikuweza kuendelea kutengeneza Kit Kat kwa chokoleti ya maziwa. Ikatumia chokoleti nyeusi, na pakiti nyekundu ikageuzwa kuwa ya bluu. Mnunuzi hakuhitaji kusoma herufi ndogo wala kukumbuka gramu za mwaka uliopita. Rangi yenyewe ilimwambia kwamba hiki si kile. Leo chapa hiyohiyo ni ya Nestlé katika sehemu kubwa ya dunia na hutengenezwa na Hershey nchini Marekani, kwa chokoleti mbili zenye ladha tofauti kabisa, na zote mbili huvaa nyekundu.

Swali linalobaki ni kama sheria inaweza kufanya kazi ambayo aibu haikuifanya. Ufaransa imejaribu kwa njia moja: tangu Julai 2024 maduka makubwa yanatakiwa kubandika tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa uzito huku bei yake kwa kilo au lita ikipanda, na tangazo hilo likae miezi miwili. Ni hatua ya maana, lakini inagusa mizani tu. Kampuni inayoacha uzito kama ulivyo na kuondoa siagi ya kakao ili iweke mafuta ya mawese haihitaji kubandika chochote chini ya kanuni hiyo, na baada ya bei ya kakao kupita dola 12,000 kwa tani mwishoni mwa mwaka 2024, kishawishi cha kufanya hivyo kilikuwa kikubwa.

Njia ya pili ni ya zamani na, kwa maoni yangu, ina meno makali zaidi: kudhibiti jina la chakula. Nchini Marekani kisichofikisha asilimia 10 ya mafuta ya maziwa hakiwezi kuitwa aiskrimu, na ndiyo maana baadhi ya makopo ya Breyers, chapa iliyojijengea sifa kwa viambato vichache na vya asili, yalilazimika kubadili maelezo yake na kujiita kitindamlo baridi cha maziwa. Mwaka 2025 biskuti za Penguin na Club za McVitie's zilifikwa na jambo hilohilo nchini Uingereza: kakao ilipopunguzwa na mafuta mengine ya mimea yakaongezwa, hazikuweza tena kuelezwa kuwa zimefunikwa kwa chokoleti, na zikaanza kujieleza kuwa zina ladha ya chokoleti. Club ilikuwa imejitangaza kwa miaka mingi kama biskuti ya wanaopenda chokoleti nyingi. Tangazo la Ufaransa hubanduliwa baada ya miezi miwili. Maneno hayo yatakaa kwenye pakiti hadi kakao irudi.